Kuku wa Marakaraka: Jinsi ya Kumtambua na Kuzalisha Wengine Kama Yeye

Maswali yanayorudi kila mara ni matatu. Kuku wangu mwenye madoadoa ni wa aina gani? Mbona jogoo ana marakaraka lakini vifaranga wake wote wametoka rangi moja? Na huyu aliyekuwa na mabaka meupe akiwa na miezi miwili, mbona sasa ni mweusi tii?

La kwanza nalijibu hapa hapa. Kuku chotara wa nyumbani hana aina. Nukta nyeupe kwenye manyoya meusi hazimfanyi kuwa Ancona, na milia haimfanyi kuwa Plymouth Rock. Aina ni mambo mengi yaliyotulia pamoja kwa vizazi vingi: umbo, uzito, upanga wa kichwani, rangi ya miguu, rangi ya ganda la yai, na manyoya yakiwa sehemu tu ya hayo. Alichonacho kuku wako ni jeni (maagizo ya urithi anayopata kwa baba na kwa mama) moja au mbili za madoa, na hizo ndizo zinazoamua vifaranga watatokaje. Kwa hiyo acha kutafuta jina la kuku, tafuta jina la doa. Maswali mawili yaliyobaki yatajibika humo humo.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

- Banda lenye angalau vyumba viwili vinavyofungika, ili jogoo usiyemtaka asiwafikie majike uliowachagua.
- Jogoo mmoja na majike wanne hadi kumi. Jogoo mwenye afya anawamudu majike wanane hadi kumi bila shida.
- Kuku anayeatamia vizuri, au mashine ya kutotolesha yenye kipimajoto cha kuaminika.
- Pete za plastiki za miguuni, za rangi tofauti na za ukubwa tofauti.
- Kalamu ya risasi ya kuandikia kwenye mayai. Usitumie wino, ganda la yai lina vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana.
- Tochi yenye mwanga mkali ya kupimia mayai.
- Daftari, na simu ya kupigia picha.
- Subira ya mwaka mmoja na nusu hivi. Kwa aina fulani ya madoa, matokeo unayoyataka huonekana kizazi cha pili, na hakuna njia ya mkato.

HATUA KWA HATUA

1. Hakikisha kuku amekomaa kabla ya kumhukumu

Kifaranga hubadilisha manyoya zaidi ya mara moja kabla hajafikia utu uzima. Manyoya ya malaika, yale laini anayototolewa nayo, hupisha ya kwanza, hayo nayo hupisha mengine, na sura yake ya kweli hutulia akiwa na miezi mitano au sita. Katikati ya safari hiyo, vifaranga wengi weusi huwa na manyoya meupe kwenye ncha za mabawa na tumboni. Watu wengi hudanganyika hapo. Humchagua mtoto mwenye mabawa meupe, humlea kwa matumaini, kisha weupe wote hupukutika. Hakuwa na madoa hata siku moja; lilikuwa vazi la utotoni.

Kuna madoa mengine ya uongo. Unyoya ulioota mahali palipojeruhiwa unaweza kutoka mweupe. Kuku aliyekosa protini ya kutosha wakati manyoya yanaota, hasa ile amino asidi iitwayo laisini, anaweza kuota manyoya yaliyopauka. Haya hayarithiwi. Ukiona doa moja tu, upande mmoja wa mwili, lishuku.

2. Soma unyoya mmoja, si kuku mzima

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo wote, usiiruke. Mkamate kuku jioni akiwa ametulia, chukua unyoya mmoja wa kifuani na mmoja wa mgongoni (ulioanguka wenyewe unatosha), uuweke juu ya karatasi nyeupe, kisha juu ya karatasi nyeusi. Tazama doa limekaa wapi: nchani, pembezoni, kwa kukata unyoya katikati, au ovyo ovyo. Kisha linganisha na haya.

Nukta nyeupe nchani. Unyoya ni wa rangi moja, mara nyingi mweusi, na ncha yake ni nyeupe. Ancona wa Italia ndiye mfano wake maarufu. Unyoya ukiwa mwekundu wa kahawia, utaona rangi tatu kwa mpangilio: wekundu, kisha mstari mweusi, kisha ncha nyeupe. Ndivyo alivyo Sussex wa madoa kutoka Uingereza, na kwa macho yangu hakuna unyoya wa kuku unaozidi huo kwa uzuri. Jeni ya nukta hizi ni ya kujificha. Kifaranga lazima airithi kwa baba na kwa mama ndipo nukta zionekane. Akiipata upande mmoja tu, anaibeba kimya kimya, pengine na unyoya mmoja au miwili yenye ncha nyeupe.

Milia inayokata unyoya. Mstari mweusi, mstari mweupe, mweusi, mweupe, kutoka shina hadi ncha. Kwa mbali kuku huonekana wa kijivu. Jeni hii haijifichi, nakala moja inatosha kuonekana, lakini inafuata jinsia: jogoo anaweza kuwa na nakala mbili, jike huwa na moja tu. Ndiyo maana jogoo mwenye nakala mbili ni mweupe zaidi kuliko dada zake. Jogoo wako wa milia akiwa na giza sawa na majike, huenda ana nakala moja tu. Kifaranga mweusi mwenye jeni hii huzaliwa na doa jeupe utosini.

Weupe wenye michirizi ya kijivu. Kuku mweupe mchafu, aliyemwagikiwa mabaka ya kijivu na meusi bila mpangilio, hakuna manyoya mawili yanayofanana. Huyu ana nakala mbili za jeni inayozimua weusi. Angekuwa na moja, angekuwa wa kijivu kitupu.

Weupe safi wenye matone meusi tii. Anafanana na aliyetangulia, lakini matone ni meusi kabisa na weupe hauna ukijivu. Hapa kuna jeni nyeupe inayotawala, nakala moja, juu ya kuku ambaye vinginevyo angekuwa mweusi. Matone machache yamechungulia.

Nukta au ukingo mweusi. Unyoya ni wa dhahabu, wa fedha au mweupe, na weusi uko nchani au umezunguka pembezoni. Mapambo haya hujengwa na jeni kadhaa kwa pamoja. Ukimchanganya kuku huyu na wa rangi nyingine, mpangilio huvunjika palepale kizazi cha kwanza na kuurudisha ni kazi ya miaka. Simshauri anayeanza aanzie hapa.

Vumbi la kahawia. Jike wa kahawia ambaye kila unyoya umenyunyiziwa vitone vidogo vyeusi. Wako wengi sana katika kuku chotara, na wengi huwaita wa madoa. Hii ni rangi ya asili ya kuku tangu porini, na ni ya majike peke yao: watoto wake wa kiume watakuwa na kifua cheusi na shingo ya dhahabu, hawatafanana naye kamwe.

Onyo: kuku mweupe kabisa anaweza kuficha chochote chini ya weupe wake. Usimtumie kama mzazi katika kazi hii.

3. Chagua doa moja tu, kisha panga wazazi

Usichanganye milia na nukta za nchani kwa kutumaini kupata vyote. Unachopata ni kuku wa kijivu ambaye doa lake halisomeki. Chagua moja, ukae nalo. Matarajio ni haya:

- Nukta nchani kwa nukta nchani: vifaranga wote wana nukta.
- Nukta nchani kwa kuku wa kawaida asiyebeba jeni hiyo: wote watatoka bila nukta, ila wote wataibeba. Ndilo jibu la swali la pili.
- Wabebaji wawili: robo ya vifaranga wana nukta.
- Mbebaji kwa mwenye nukta: nusu wana nukta.
- Jogoo wa milia mwenye nakala mbili kwa jike yeyote: wote wana milia, isipokuwa jike awe na jeni nyeupe inayoifunika.
- Jike wa milia kwa jogoo asiye na milia: watoto wa kiume wana milia, wa kike hawana. Kama jogoo ni mweusi, utawatenganisha siku ya kwanza kwa kutazama utosi.
- Mwenye michirizi ya kijivu kwa mweusi: wote wa kijivu. Wa kijivu kwa wa kijivu: robo weusi, nusu wa kijivu, robo wenye michirizi.
- Mwenye matone meusi kwa mwenzake: robo weusi, nusu wenye matone, robo weupe. Huyu hatulii kizazi hadi kizazi, daima atatoa mchanganyiko.

Robo ni wastani, si ahadi. Katika vifaranga 12 wa wabebaji wawili unatarajia watatu wenye nukta, lakini kuna uwezekano wa asilimia 3 hivi usipate hata mmoja. Kwa vifaranga wanane uwezekano huo unafika asilimia 10. Totolesha wengi.

Kabla ya rangi, tazama mwili. Macho maangavu, miguu iliyonyooka, kifua kilichojaa, vidole visivyopinda, jike anayetaga vizuri. Kuku mzuri wa rangi aliye dhaifu wa mwili mwache nje ya uzalishaji, hata kama moyo unauma. Udhaifu nao hurithiwa.

4. Watenge, kisha subiri wiki tatu hadi nne

Jike huhifadhi mbegu za jogoo mwilini na zinaweza kurutubisha mayai kwa wiki mbili na zaidi. Ukimwondoa jogoo wa zamani leo na kumweka mwingine kesho, mayai ya wiki hii ni ya nani? Wiki tatu ndicho kiwango cha chini, nne ni salama zaidi. Mayai ya kipindi hicho tumia jikoni.

Jogoo aliyeletwa kutoka nje akae peke yake siku 30 kwanza, mbali na kundi, huku ukimchunguza kinyesi, pumzi, utitiri na magamba ya miguu. Hakikisha pia kundi zima limepata chanjo ya kideri.

5. Kusanya mayai

Chagua mayai ya ukubwa wa kawaida, yenye umbo zuri na ganda lisilo na ufa. Mayai ya kwanza kabisa ya mtetea ni madogo na hutoa vifaranga wadogo, msubiri akomae. Usiyaoshe. Yaweke mahali pa ubaridi, nyuzi 13 hadi 18 za Selsiasi, ncha nyembamba ikitazama chini, na yasizidi siku saba kabla ya kuatamiwa. Andika kwa kalamu ya risasi tarehe na alama ya mama. Usipoijua alama ya mama, rekodi zako zote zitakazofuata ni kubahatisha.

6. Atamisha

Kuku anayeatamia anajua kazi yake kuliko sisi. Mpe mayai anayoweza kuyafunika yote, kwa siku moja, mahali penye giza kidogo, na majike wengine wasiingie kutaga humo.

Kwa mashine yenye feni, weka joto nyuzi 37.5. Mashine isiyo na feni inahitaji karibu nyuzi 38.5, ikipimwa usawa wa juu ya mayai. Unyevu uwe asilimia 45 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha 65 hadi 70. Geuza mayai angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, halafu acha kugeuza na usifungue mashine ovyo.

Siku ya saba pima kwa tochi gizani. Yai lenye uhai litaonyesha kitone cheusi na mishipa ya damu iliyotawanyika kama mizizi. Linalopitisha mwanga tupu halikurutubishwa, na lenye duara la damu kiinitete kimekufa. Yaondoe. Vifaranga hutoka siku ya 21, mmoja mmoja hadi siku moja na zaidi kupita tangu wa kwanza kudonoa ganda. Usimsaidie kwa haraka anayechelewa. Mara nyingi bado anamalizia kufyonza damu na kiini.

7. Watie alama siku hiyo hiyo

Vifaranga wakishakauka, kila mmoja apate pete, na mstari wake daftarini: tarehe, mama, baba, rangi ya malaika, doa la utosini kama lipo. Piga picha ukiwa umeukunjua ubawa. Rudia picha wiki ya 6, wiki ya 12 na mwezi wa sita, mahali pale pale na kwa mwanga wa mchana.

Onyo: mguu unakua, pete haikui. Ikague kila wiki. Ncha ya kidole chako kidogo ikishindwa kupita kati ya pete na mguu, badilisha siku hiyo hiyo, kwani pete iliyobana hukata ngozi na kuzama nyamani huku magamba yakiifunika, na kifaranga atachechemea kabla hujajua kwa nini.

Joto la kulelea liwe nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ulipunguze nyuzi 3 hivi kila wiki. Chakula cha vifaranga chenye protini ya kutosha ni sehemu ya kazi ya rangi, kwa sababu unyoya umejengwa kwa protini.

8. Chagua mara mbili

Uchaguzi wa kwanza ni wa wiki ya 8 hadi 12, nao ni wa mwili tu: ondoa dhaifu, wenye vidole vilivyopinda, wenye midomo iliyopishana. Uchaguzi wa rangi subiri mwezi wa sita.

Kwa nukta za nchani, wachague wazazi wenye nukta ndogo zilizoenea sawasawa. Kuku hawa huongezeka weupe kila wanapopukutisha manyoya, kwa hiyo aliyejaa weupe akiwa na miezi sita, baada ya miaka miwili atakuwa mabaka matupu. Kama unaweza, mweke mzazi mmoja hadi apukutishe manyoya ya mwaka, umwone sura yake ya pili, ndipo umwamini.

9. Kizazi cha pili na kuendelea

Kama unafuata nukta za nchani, hapa ndipo kazi yako inapolipa. Chukua mbebaji umrudishe kwa mwenye nukta, nusu ya watoto watakuwa nazo. Ukitaka kujua kama kuku fulani ni mbebaji, mpandishe na mwenye nukta: akitoa vifaranga wanane na wote hawana nukta hata baada ya kukomaa, karibu una hakika habebi.

Kurudisha mtoto kwa mzazi kunakubalika mara moja, kusiwe desturi. Ukiwa na nafasi, gawa kundi katika familia tatu, na kila mwaka majogoo vijana wa familia ya kwanza waende kwa majike wa pili, wa pili kwa wa tatu, wa tatu kwa wa kwanza. Majike wanabaki kwao. Mpango huu rahisi unachelewesha kuzaliana kwa ndugu kwa miaka mingi.

MATATIZO NA UTATUZI WAKE

Vifaranga wote wametoka rangi moja. Kama doa ni la nchani na mzazi wa pili hana, ndivyo inavyotakiwa. Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kuwauza vifaranga hao. Wao ndio mtaji wako.

Majogoo wana milia, majike hawana. Milia ilitoka kwa mama. Chukua mtoto wa kiume mwenye milia umpandishe na mama yake au jike mwingine wa milia, utapata milia pande zote mbili, pamoja na majogoo wenye nakala mbili.

Mayai mengi hayana mbegu. Hesabu majike, wasiwe wengi kuliko jogoo anavyomudu. Kagua utitiri. Kwa kuku wenye manyoya mengi sehemu ya nyuma, yapunguze kwa mkasi kuzunguka kinyeo, kwa jogoo na kwa jike.

Vifaranga wanafia ndani ya ganda siku za mwisho. Anza na unyevu, kisha kipimajoto: kipime dhidi ya kingine. Kama viinitete vinakufa mapema zaidi, na wazazi wote wawili wana miguu mifupi sana isiyo ya kawaida, sababu inaweza kuwa jeni ya ufupi huo, kwani robo ya viinitete huirithi pande zote, na hao hufa. Mpandishe mwenye miguu mifupi na wa miguu ya kawaida.

Manyoya yanakatika na ngozi inabaki wazi. Kama wazazi wote wawili wana manyoya yaliyojikunja kurudi nyuma, watoto wanaopata nakala mbili huwa na manyoya dhaifu yanayovunjika. Mzazi mmoja aliyejikunja anatosha.

Vifaranga wanatoka wachache na wadogo kila mwaka. Damu imekaribiana mno. Lete jogoo wa nje mwenye afya hata kama hana madoa. Utapoteza nukta kizazi kimoja, na utazirudisha kwa hatua ya 9.

Nina jike mmoja tu mwenye nukta, hakuna jogoo wa kufanana naye. Inatosha kuanzia. Mpandishe na jogoo mweusi au mwekundu asiyekuwa ndugu yake, mwenye nguvu. Watoto wote ni wabebaji. Mteue mtoto wa kiume aliye bora kwa mwili, umrudishe kwa mama: nusu watakuwa na nukta, wa kiume na wa kike. Ukipandisha ndugu kwa ndugu utapata robo tu. Kisha kwa jogoo mpya wa nukta utakayempata hapo, tafuta majike wageni wa kumpa, usimrudishe tena nyumbani kwao.